Hivi bima ya afya ilipie hijama na sindano za Kichina kwa wenye maumivu sugu?

Mtoto wa Goba
Wakuu habari za jioni. Hili limeanzia msibani kwa jirani tukakesha nalo, nikaona nililete hapa. Mama yangu ana miaka 67, magoti yamekwisha, gegedu limelika yanasagana mfupa kwa mfupa. Diclofenac, kidonge cha maumivu, anameza mwaka wa nne huu, sasa tumbo linamuwaka usiku na safari ya mwisho wakamwambia aanze kuangalia figo. Dada yangu akaanza kumpeleka hijama, kule kuwekewa vikombe vya kunyonya na kuchanjwa, kila mwezi, elfu thelathini. Mama anasema siku hizi anashuka ngazi bila kushika ukuta. Mimi sijui ni hijama au ni furaha ya kutolewa nyumbani na binti yake.
Swali: sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002, pale Muhimbili taasisi ya tiba asili ipo toka 1974. Wajerumani bima zao zinalipa sindano za Kichina, akupancha, kwa mgongo na goti tangu 2007. Kwa nini mama alipe mfukoni?

Kiberiti
Mleta mada pole kwa mama ila tuwe wakweli. Bima hiihii ambayo ukifika dirishani unaambiwa dawa imeisha kanunue nje, ndio unataka ilipie vikombe vya kunyonya mgongo? Makato yangu yasiguse huko. Hijama ni chuku tu, na kupiga chuku wote tunajua maana yake nini 😂

Mpemba Halisi
@Kiberiti unachekea Sunna? Ulizwa bima jibu bima. Hijama ilikuwepo kabla babu yako hajajua hospitali ni nini.

Kiberiti
Sijagusa dini ya mtu. Nimesema chuku. Neno la Kiswahili hilo.

Nesi wa Zamu
Kabla hamjafika mbali. Mmoja wa tafiti zilizowafanya Wajerumani walipe ni wa GERAC, majibu yake yalichapishwa 2007, watu 1,162 wenye mgongo sugu. Kundi la kwanza sindano za kweli. La pili sindano za kuzuga, yaani wanachoma juujuu tena sehemu ambazo sizo. La tatu matibabu ya kawaida, vidonge, fiziotherapia, mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu: sindano za kweli asilimia 47.6, za kuzuga 44.2, matibabu ya kawaida 27.4. Someni hizo namba taratibu kabla ya kushangilia upande wowote.
Na mleta mada, hiyo hijama wanakata kwa wembe mpya? Umeuona ukifunguliwa kwenye karatasi?

Kiberiti
Kwa hiyo hata ukichoma popote ni sawa 😂😂 basi nipeleke mgongo kwa fundi cherehani.

Dereva wa Lori
We Kiberiti unacheka namba usizozielewa. Hapo aliyeshindwa ni hospitali. 27 dhidi ya 47. Mimi Tunduma-Dar miaka kumi na tisa, mgongo wangu naujua mwenyewe, nimemeza vidonge mpaka nikatapika damu. Sindano ya uongo imeshinda kidonge cha kweli, we unaona utani?

Fundi Saa
Hajashinda mtu hapo. Ukipata maumivu sugu yanapanda yanashuka, mtu anaenda kutibiwa siku yamepanda, yakishuka anasifia alipotoka. Halafu yule wa kundi la tatu anajua kabisa amepangiwa yaleyale aliyoyachoka, kuna nafuu gani hapo. Tulishayaona haya 2011, nchi nzima Samunge, Loliondo, kwa Babu wa dawa ya kikombe, kikombe shilingi 500, mawaziri foleni, magari yamelala porini mpaka watu wakafia njiani. Utafiti gani tulisubiri?

Bi Mkubwa Tanga
Fundi Saa ungekaa kimya kuhusu Loliondo. Baba yangu alikwenda na sukari, alipakiwa nyuma ya Land Cruiser siku mbili, akarudi anasema amepona akaacha sindano za insulini. Tulimzika Agosti. Kwa hiyo usifananishe na goti la mama wa mwenzio. Kuacha dawa na kuongeza kitu juu ya dawa ni mambo mawili.

Fundi Saa
Pole sana mama. Sikuwa na nia hiyo. Lakini ndio hoja yangu hiyohiyo umeisema wewe.

Bi Mkubwa Tanga
Siyo hoja yako. Soma tena.

Mpemba Halisi
Turudi kwa @Kiberiti. Chuku siyo uongo. Chuku ni pembe. Pembe ya ng'ombe imekatwa ncha, ina kitundu, mwumikaji anaweka mgongoni ananyonya hewa kwa mdomo kisha anaziba kitundu kwa nta aliyokuwa nayo shavuni. Ikishavimba ngozi anatoa, anachanja, anarudisha. Kuumikwa. Nimeyaona kwa macho yangu Wete nikiwa mdogo, bibi ametandaza mkeka uani, pembe tano zimesimama mgongoni kwake kama vifaranga vya kifaru, na wala hakusema ah. Nyie wa bara mmelikuta neno lishafika kwenye kutia chumvi mkadhani ndiko lilikozaliwa.

Kiberiti
Sasa kwa nini likaenda kwenye kutia chumvi kama ilikuwa inatibu? Jibu hilo.

Mpemba Halisi
Kwa sababu pembe inavimbisha ngozi! Unavimbisha jambo! Lugha hiyo, si ripoti ya daktari.

Sokwe Mjanja
Hiyo ya kuvimbisha umeibuni sasa hivi, sema kweli 😂

Mpemba Halisi
Wewe lete yako.

Sokwe Mjanja
Kwetu Lindi tulisikia ndumiko. Chuku tulijua ni maneno tu.

Dereva wa Lori
Jamani mtu ameuliza bima.

Nesi wa Zamu
Kuhusu hijama yenyewe kuna mmoja naukumbuka, Ujerumani tena, 2016, wagonjwa 141 wa fibromialgia, yale maumivu ya mwili mzima. Hawakuchanja, ni vikombe vikavu. Vikombe vya kuzuga walivitoboa kitundu kidogo ili visishike hewa. Waliowekewa vikombe vya kweli walipata unafuu kuliko waliobaki na matibabu yao ya kawaida, lakini hawakuwashinda wale wa vikombe vilivyotobolewa. Picha ileile ya sindano. Kwa hiyo kitu fulani kinatokea pale kitandani, ila ukisema ni damu chafu imetoka hapo mimi nashuka. Ile damu nyeusi kama maini ni damu imeganda ndani ya kikombe basi, siyo takataka.

Mpemba Halisi
Nani kasema takataka? Nyie hospitali ndio mnapenda kusema tunasema.

Nesi wa Zamu
Wanasema kwenye vipeperushi vyao mkuu. Mimi napita Kariakoo kila siku.

Fundi Saa
Na bima isilipe kitundu. Ndio jibu.

Dereva wa Lori
@Fundi Saa basi isilipe na panadol. Kuna utafiti wa Australia ulitoka 2014, watu elfu moja mia sita na kitu, mgongo uliopata maumivu ya ghafla, paracetamol haikuwashinda waliopewa kidonge cha unga mtupu. Google mwenyewe. Hilo mbona hamsemi? Panadol ikishindwa mnanyamaza, mitishamba ikishindwa mnaita waandishi.

Fundi Saa
Panadol shilingi mia mbili. Hijama elfu thelathini. Haya endelea.

Dereva wa Lori
Na vidonda vya tumbo shilingi ngapi? Nililazwa siku sita.

Mtoto wa Goba
Nashukuru michango. Nesi, wembe niliuona, mpya. Vikombe vya plastiki, yule jamaa anapampu kwa kipampu cha mkono kama cha baiskeli ya mtoto. Ila vikombe vyenyewe sijui kama anabadilisha au anaosha, kulikuwa na ndoo ya bluu pembeni ina maji ya povu.

Nesi wa Zamu
Hiyo ndoo ndiyo mada kamili kwangu. Homa ya ini B haijali kama vikombe vinafanya kazi au havifanyi. Mwambie dada anunue seti ya mama peke yake, aandike jina.

Kiberiti
Ndio bima itakachonunua? Seti ya vikombe ina jina la mama 😂

Bi Mkubwa Tanga
Kwani miguu ya bandia inanunuliwa kwa jina la nani? Kijana una kichwa chepesi.

Ngariba Mstaafu
Mnasahau Waingereza. Taasisi yao ya miongozo, NICE, mwaka 2009 walisema sindano sawa kwa mgongo. 2016 wakasema hapana. 2021 wakaja na mwongozo wa maumivu sugu ambayo hayana chanzo kinachojulikana, wakasema sindano jaribuni, na paracetamol na jamii ya ibuprofen na afyuni msiwaanzishie. Wanabadilika kama mwenye nyumba. Halafu sisi tunataka tukimbie nyuma yao na bima yetu ya jana.

Fundi Saa
Kubadilika ndio utafiti ulivyo mzee. Asiyebadilika ndio wa kuogopa.

Ngariba Mstaafu
Sawa, na wanaoumia wasubiri mkae sawa. Mgonjwa haulizwi uji, lakini hapa hata uji wenyewe mnaugombania.

Sokwe Mjanja
Mzee na wewe hilo jina lako, wembe ulikuwa unabadilisha? 😂😂😂

Ngariba Mstaafu
Nilijua tu mtafika huko.

Kiberiti
Uzi umekufa hapo. Jibu wembe mzee.

Nesi wa Zamu
Kingine, wenye kununua dawa za "asili" za viungo zinazotuliza ndani ya nusu saa. Majani hayafanyi hivyo. Marekani 2022 FDA, mamlaka yao ya dawa, walitoa onyo kuhusu virutubisho vya Artri King, ndani wakakuta diclofenac na dexamethasone, dawa ya steroidi, na kwenye lebo hazijaandikwa. Mtu anakimbia diclofenac anaikuta kwenye kopo la mitishamba. Mleta mada, kama mama anatumia unga wowote juu ya vile vidonge, uupeleke kwa daktari wake na kopo lake.

Mtoto wa Goba
Kuna unga wa kahawia kwenye kopo la Blue Band. Dada hakuwahi kuniambia umetoka wapi. Ngoja nimpigie.

Mpemba Halisi
@Sokwe Mjanja nimemuuliza mzee wangu. Anasema ndumiko na chuku ni kitu kimoja, pembe ileile. Kuhusu kuvimbisha amecheka tu.

Sokwe Mjanja
Si nilisema umeibuni.