Kokteli ya matunda yenye gesi kwa Pasaka: mvinyo wa mapovu, waragi na soda, au munanansi?

Ganda_la_Nanasi (Mukono)
Wakuu, Pasaka hiyoo, na vinywaji nimeachiwa mimi. Nataka kokteli moja tu ya matunda, yenye gesi, ya kutengenezea nyumbani. Napima njia tatu: mvinyo wa mapovu na juisi kama Bellini, waragi (jini yetu ya Uganda), shira na maji ya soda, au munanansi (kinywaji cha maganda ya nanasi na tangawizi) iliyoachwa ichache hadi itoe gesi yenyewe. Ipi bora?

fundi_barafu
Bora kwa nani? Watu wangapi? Watoto wapo? Friji ina ukubwa gani? Mvinyo wa mapovu usiopoa humwagika nusu chupa mezani. Jibu hayo kwanza.

Kizibo_Polepole
Akijibu asijibu, mimi ni mvinyo. Bellini ya Giuseppe Cipriani pale Harry's Bar, Venice, ni pichi nyeupe iliyosagwa sehemu moja, prosecco, mvinyo wa mapovu wa Italia, sehemu mbili. Pichi usizihangaikie, saga embe, chuja mara mbili, tia ndimu kidogo maana embe ni zito na tamu. Kila glasi: embe mililita 60, mvinyo 120. Chagua ulioandikwa brut, yaani mkavu usio mtamu, sukari tayari imo kwenye tunda.

Wengi hukosea kwenye kumimina. Embe linatangulia, kisha theluthi ya mvinyo ukiinamisha glasi. Ngoja povu lishuke, vuta kijiko mara moja kutoka chini, ndipo umalizie. Nyuzi za embe ndizo zinazofukuza gesi, kwa hiyo ukikoroga kama uji utakunywa juisi ya embe yenye kileo. Na chupa ikifunguliwa, shika kizibo, zungusha chupa.

Ganda_la_Nanasi
Samahani. Watu wazima 25, watoto kama kumi. Baadhi ya hao wazima ni Walokole, hawagusi pombe. Friji ya kawaida ya nyumbani, na umeme unajua wenyewe.

Nnyabo_Jagi
Basi kesi imekwisha, ssebo. Chupa ya 750 inatoa glasi sita. Glasi mbili kwa kila mtu mzima ni glasi 50, yaani chupa tisa za mvinyo. Utazipoza wapi, na chakula cha Pasaka kikae wapi?

Fanya hivi. Kila glasi: waragi mililita 40, juisi ya pasheni 30, shira 15, maji ya soda baridi 120. Chupa tatu za waragi zinatosha. Maji ya soda ni kreti moja ya chupa 24 za mililita 300, na bado watoto watapata. Shira: nusu kilo ya sukari kwa nusu lita ya maji, chemsha hadi sukari iyeyuke tu, ipoze kabisa. Pasheni nunua kilo tano. Usiziache kwenye blenda, mbegu zikivunjika juisi inakuwa chungu. Bonyeza na kuachia mara tatu nne, kisha chuja.

Uzuri wake ni kwamba jagi lina juisi na shira tu. Waragi inaingia kwenye glasi ya anayeitaka, kwa hiyo Mlokole na mtoto wanakunywa kitu kilekile. Soda iwe ya mwisho, kwenye glasi, kamwe si kwenye jagi.

fundi_barafu
Hapo kwenye jagi sikiliza sana. Soda ikitiwa saa nne, saa saba hakuna gesi.

Kayunga_Tamu
Nanasi mmelisahau? Ila juisi yake mbichi inapanda povu kama bia. Isage jioni, ilale kwenye friji, asubuhi engua povu na uchuje.

Munanansi ya gesi achana nayo. Jirani alijaribu, nasimulia kwa sababu kila hatua ina funzo. Alichemsha maganda na tangawizi kama kawaida. Kuchemsha kunaua chachu ya asili ya maganda, kwa hiyo siku mbili ikakaa kimya. Akakosa subira, akatia hamira ya mkate kijiko kizima, na sukari kama gramu 100 kwa kila lita. Akajaza chupa za bia, akazifunga, akazipanga dirishani juani. Siku ya tatu moja ilipasuka na kuzipasua zilizokuwa kando yake. Vioo vilikutwa hadi kwenye sufuria ya wali. Champagne yenyewe hupewa gramu 24 hivi za sukari kwa lita ili ifikie mgandamizo wa anga 6, yaani mara sita ya ule wa hewa ya kawaida, na chupa yake ni nene makusudi. Ukilazimika, tumia chupa za plastiki. Ikiwa ngumu ukiibana, ipeleke kwenye baridi.

Kizibo_Polepole
Ahsante kwa kukiri kwamba champagne ni fundi. Na tusiite kila chupa inayolia champagne, jina hilo ni la eneo moja la Ufaransa.

Nnyabo_Jagi
Hakuna aliyeiita hivyo, bwana.

mpita_njia
Waragi ya dukani au enguli ya kijijini? Enguli ina ladha zaidi.

fundi_barafu
Ya dukani, yenye 40% kwenye lebo. Utapimaje mililita 40 za kitu usichojua nguvu yake? Tena enguli ikipikwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, na hiyo inapofusha.

mpita_njia
Babu zetu wameinywa.

Kayunga_Tamu
Soda ya tangawizi badala ya maji ya soda je? Shira inaondoka kabisa.

Nnyabo_Jagi
Inaondoka, na pasheni inaondoka nayo. Utasikia tangawizi tu.

Kayunga_Tamu
Kwa nanasi lakini inakubali.

Ganda_la_Nanasi
Nimeelemea kwenye waragi, ila mke wangu ameona hiyo ya embe na sasa anataka "angalau chupa mbili za mvinyo za kupigia picha". Na barafu? Umeme ukikatika Jumamosi?

fundi_barafu
Barafu kilo 15, ya kununua, kwenye beseni lenye maji na chumvi, chupa zizame hadi shingoni. Hiyo picha itapigwa saa ngapi?