Sismomita ya nyumbani kwa matetemeko ya mbali: jiofoni, pendulamu au springi?

Mkamuaji_Arusha
Wakuu, habari za jioni. Tarehe 6 Februari 2023, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipopiga Uturuki saa kumi na dakika 17 alfajiri, nilikuwa macho nakamua ng'ombe. Baadaye nikaja kusoma kwamba mawimbi yake ya kwanza hufika huku Arusha kabla dakika nane hazijaisha, na ni mwendo wa kilomita kama 4,500. Yalipita chini ya ndoo yangu ya maziwa nami sina habari, na kule watu zaidi ya 50,000 walipoteza maisha katika janga lile. Jambo hilo halijanitoka moyoni. Nataka sismomita, yaani chombo cha kuyaona mawimbi hayo.

Nimefikia njia tatu: kuagiza Raspberry Shake (sismomita ndogo iliyokwisha undwa, inayotumia jiofoni, yaani kihisi cha mitikisiko ya ardhi), kuunda pendulamu ya kulala ya Lehman, au kuunda ile ya springi ya kuchezea. Matetemeko ya jirani si shida yangu, nataka ya Japani, Chile, Indonesia. Nyumba ni ya chini, sakafu ya zege, malori yanapita mita 60 hivi. Mngekuwa mimi, mngechagua ipi?

Wimbi_la_P (Nairobi)
Kaka, mimi ninayo Raspberry Shake ya jiofoni moja, mwaka wa nne sasa. Uzuri wake ni kwamba unaitoa kwenye boksi, unaiweka sakafuni, unaisawazisha kwa kile kitone cha maji, unachomeka waya wa intaneti, basi. Inachukua sampuli 100 kila sekunde na saa yake inajirekebisha yenyewe kupitia mtandao. Usidharau hilo la saa. Rekodi isiyo na saa sahihi huwezi kuilinganisha na ya mtu mwingine yeyote.

Tetemeko lile la Uturuki nililipata vizuri. Wimbi la P, lile la kwanza lenye kasi zaidi, lilifika dakika saba na nusu hivi baada ya tukio, la S, lile la pili la polepole zaidi, likafuata kama dakika sita baadaye. Pengo hilo la P na S ndilo linalokupa umbali. Mwelekeo halikupi, utahitaji vituo vitatu.

Ila nikwambie ukweli. Jiofoni ile imeundwa kwa mitikisiko ya haraka, mara 4.5 kwa sekunde. Watengenezaji wameivuta kielektroniki ishuke zaidi, lakini mawimbi ya uso wa ardhi yanayotoka mbali yanapumua mara moja kila sekunde 20. Hapo chombo changu kinasikia kwa shida.

Kijana_wa_Simu
Samahani kuingilia, simu si ina kihisi cha mtikisiko? Programu ya bure haitoshi?

Wimbi_la_P (Nairobi)
Kwa tetemeko linalotikisa vikombe, inatosha. Kwa la kilomita 4,000 hapana, kelele ya kihisi chenyewe inalimeza.

Fundi_Mizani (Moro)
Mkamuaji, mimi ni wa pendulamu na sina mpango wa kuhama.

Elewa kwanza kwa nini inalazwa. Ukitaka pendulamu ya kuning'inia ibembee mara moja kwa sekunde 18, uzi wake lazima uwe na urefu wa mita 80. Nani ana dari hiyo? Sasa chukua bomba la chuma la sentimita 80, ulilaze kama geti: ncha moja imeegemea nguzo, ncha nyingine inashikiliwa na waya unaopanda juu ya nguzo hiyohiyo. Mhimili wa geti ukiuinamisha nusu digrii tu, unapata zile sekunde 18. Geti linalokaribia kusimama wima kabisa hurudi polepole, siri yote ni hiyo. James Lehman, mwalimu wa fizikia kule Virginia, ndiye aliyewapa watu wa kawaida mchoro huu kupitia Scientific American mwaka 1979. Lakini wazo ni la zamani: tetemeko la mbali la kwanza kurekodiwa duniani, la Japani, lilinaswa Potsdam, Ujerumani, tarehe 17 Aprili 1889, na pendulamu za kulala za Ernst von Rebeur-Paschwitz.

Yangu nimefunga kilo nne za chuma chakavu. Sumaku nimetoa kwenye spika mbovu, koili nilisukiwa na fundi wa kusuka mota. Breki ni bamba la alumini linalopita katikati ya sumaku mbili, na bila breki hiyo bomba litaendelea kubembea lenyewe hata ardhi ikishatulia, utadhani dunia nzima inatetemeka. Nimeifunika kwa sanduku la plaiwudi na kuziba nyufa zote, maana upepo wa mlangoni unaisukuma.

Tetemeko la Kamchatka la 8.8, usiku wa kuamkia 30 Julai 2025, ndilo lililonilipa. Sisi tulikuwa digrii 112 hivi kutoka kule, ukipima kwa pembe kutoka katikati ya dunia, yaani ndani ya kivuli cha kiini cha dunia: kiini kinalipindisha wimbi, P la moja kwa moja halitufikii.

Wimbi_la_P (Nairobi)
Kweli. Mimi nilipata kinundu kidogo dakika kama 19 baadaye, lile wimbi linalogonga uso wa dunia katikati ya safari na kuendelea. Mawimbi marefu yalikuja yamefifia.

Fundi_Mizani (Moro)
Kwangu mawimbi hayo marefu yalifunika kila kitu. Karibu saa nzima baada ya tukio mstari ukaanza kupanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na haukutulia hadi nimekunywa chai.

Kasoro yake: mvua za masika zikilowesha udongo, sakafu inainama kidogo mno usiione, na bomba linahamia upande mmoja. Kila wiki nazungusha skrubu.

Nahodha_Tanga
Ya springi niliiunda. Inasimama wima, sumaku inaning'inia ndani ya koili, kazi ya jioni mbili. Nzuri kwa kumfundisha mtoto, ila inabembea kwa sekunde moja au mbili, hivyo haikuvushi mbali kuliko jiofoni. Na huku pwani kusi likivuma, mawimbi ya bahari yanatikisa ardhi kila sekunde tano hadi nane bila kupumzika. Wewe wa Arusha una nafuu.

Mkamuaji_Arusha
Asanteni sana. Naunda pendulamu, fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi. Bomba nililaze kaskazini-kusini au mashariki-magharibi?

Fundi_Mizani (Moro)
Kaskazini-kusini. Bomba linahisi mtikisiko wa ubavuni kwake, yaani mashariki-magharibi. Mawimbi ya uso kutoka Indonesia, yale yanayosukuma mbele na nyuma, yatakuja yamekuelekea sawasawa. Uturuki iko kaskazini yako karibu kwa mstari mmoja, kwa hiyo utapata yale yanayotikisa kushoto na kulia. Rekodi ya kwanza uilinganishe na ya kituo cha matetemeko cha Kilimambogo, Kenya, data yake iko wazi kwa wote. Na nguzo isimame juu ya zege, usiifunge ukutani. Ukuta unapata joto la jua na kusogea.