Paili Banda: mashimo yamejaa maji, mkandarasi anataka kumimina zege hivyo hivyo

Kijana_wa_Banda:
Habari zenu wakuu. Nasimamia ujenzi wa ghorofa nne za mjomba huku Banda, Kampala, chini kabisa kuelekea kinamasi cha Kinawataka. Juu kuna maramu (udongo wa changarawe wa kujazia) iliyomwagwa na mwenye kiwanja wa zamani. Chini yake ni matope meusi yenye mizizi ya mafunjo, halafu kuanzia mita 6 hivi unakuta udongo wa mfinyanzi mgumu wenye changarawe. Mchoro wa mhandisi: paili (nguzo za zege zinazozama ardhini kubeba jengo) za kipenyo mm 600, urefu mita 15.

Mashine imechimba mashimo matatu. Jioni yalikuwa makavu, asubuhi tukakuta maji yamepanda hadi karibu na juu. Mkandarasi anasema tunyonye kwa pampu, tumimine zege kutoka juu, na eti mita 12 zinatosha "maana pale chini ni pagumu". Mjomba anapiga simu kila siku kuuliza kwa nini kazi imesimama. Nimjibu nini?

Nyabo_Lubigi:
Kibali cha NEMA, wale wa mazingira, mnacho? Mwaka 2024 walibomoa nyumba nyingi huku kwenye kinamasi cha Lubigi, na hakuna aliyeulizwa msingi wake una mita ngapi.

Kijana_wa_Banda:
Kipo, nyabo, na cha KCCA, wale wa jiji, pia. Shida yangu ni hayo maji.

Ssalongo_Zege:
Hiyo pampu iwekeni pembeni. Ukikausha shimo, maji ya ardhini yanaingia kwa nguvu, yanakuja na udongo, kitako kinalegea na kuta zinameguka. Na zege likiangushwa ndani ya maji, saruji inaoshwa, kokoto zinatangulia chini. Kwa nje utaona paili, katikati ni mchanga.

Teremsha kesingi ya chuma (bomba pana la kuzuia kuta) ipite maramu na matope mpaka iume kwenye mfinyanzi. Shimo liache limejaa maji au bentonaiti (uji wa udongo maalum unaoshikilia kuta), kimo cha ndani kiwe juu kuliko maji ya nje. Safisha kitako, shusha nondo, kisha mimina kwa trimi, bomba refu la kumiminia zege chini ya maji: mdomo wake uanzie karibu na kitako, zege lipande lenyewe likisukuma maji juu. Mdomo usitoke ndani ya zege hata mara moja, uzame mita moja na nusu hadi mbili muda wote. Slampu (kipimo cha ulaini wa zege) iwe mm 180 hadi 220. Zege la slebu, lile zito la sakafu, litakwama bombani.

Boda_Bwaise:
Kwetu Bwaise watu wanajaza maramu, wanapiga slebu, wanahamia. Mbona nyumba zimesimama?

Ssalongo_Zege:
Zimesimama zimeinama, ssebo. Na hizo si ghorofa nne.

Mzee_wa_Saiti:
Mimi nina neno na hizo mita 12. Ripoti ya udongo inasemaje?

Kijana_wa_Banda:
Mzee, walitoboa tundu moja tu, la mita 10.

Mzee_wa_Saiti:
Banange! Paili ya mita 15 na tundu la mita 10! Basi hakuna anayejua kitako kitakalia nini. Tundu la uchunguzi lazima lipite chini ya kitako cha paili kwa mita kadhaa, na tundu moja kwa jengo zima pembeni ya kinamasi halitoshi kabisa.

Hesabu ya haraka, isichukue nafasi ya mhandisi wenu. Tuseme mfinyanzi una nguvu ya kPa 100, na nusu yake ndiyo inayoshika ubavu wa paili. Kwa mita 15 unapata mita 9 za mfinyanzi, na mzingo wa paili ni mita 1.885: 1.885 × 9 × 50 = kN 848. Kitako (9 hapa ni kigezo cha kitako, si mita; 0.283 ni eneo lake): 9 × 100 × 0.283 = kN 254. Jumla gawa kwa 2.5 kwa ajili ya usalama, unapata kN 440, kama tani 44. Ishia mita 12, zinabaki tani 33 hivi. Robo imekwenda. Mkandarasi anatazama kitako, lakini mzigo mwingi unabebwa na ubavu, tena ubavu unashika baada ya paili kushuka milimita chache tu. Kitako kinataka ishuke zaidi sana, hasa kikiwa na tope.

Zile mita 6 za juu zisihesabiwe kabisa. Matope yanaendelea kubonyea chini ya maramu, na yakishuka yanaivuta paili nayo. Huo ni mzigo wa kuongeza.

Kijana_wa_Banda:
Asanteni sana. Siku ya kumimina, mimi nisiye mhandisi nitajuaje kama kazi imekwenda sawa?

Ssalongo_Zege:
Hesabu zege. Shimo hilo linameza mita za ujazo 4.24. Kila gari likimaliza, teremsha utepe wenye uzito upime zege limefika wapi, uandike. Likijaa kabla ya kufika 4.2, ujue ukuta umeangukia ndani. Juu limwagwe lizidi kimo cha mwisho kwa sm 60 au zaidi, kwa sababu zege la juu lina uchafu, litabomolewa. Baada ya siku saba waite wapimaji wa nyundo wasikilize kama paili ina ufa au imebanwa katikati. Yale mashimo matatu yarudiwe na mashine kwanza, kuta zimeshalainika.

Kijana_wa_Banda:
Kesingi aliyonayo ni ya mita 4.

Mzee_wa_Saiti:
Haifiki. Achomelee nyingine juu yake, na tundu jipya la udongo litobolewe kabla hajawasha mashine.