Ushauri: nafasi ni milimita 4 na mdomo haufunguki vizuri, nichukue abatimenti gani?

Kigego_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Madaktari wa meno na mafundi wa maabara naomba msaada wenu. Hata wasio wa fani wenye uzoefu wa implanti karibuni (jino la kupandikiza: implanti ni skrubu inayoingia mfupani, abatimenti ni kipande kinachokaa juu yake, na krauni ni kofia ya jino inayovikwa juu).

Nina mgonjwa, mama wa miaka hamsini na ushee. Magego mawili ya chini kulia (46 na 47) yaling'olewa zamani, yeye anasema yapata miaka kumi na miwili. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hayataki hata kuyasikia. Mwanawe yuko Muscat, ndiye anayelipa, kwa hiyo pesa si tatizo kubwa.

Tatizo ni nafasi. Gego la juu lililokosa mwenzake limeteremka. Kutoka fizi ya chini hadi ncha ya jino la juu napata mm 4 tu, nimepima mdomoni na tena kwenye mfano wa plasta wa meno yake. Fizi yenyewe ina unene wa mm 3. Skani ya CBCT (picha ya taya ya pande tatu) inaonyesha mfupa wa mm 11 juu ya mfereji wa neva, upana unatosha. Na mdomo wake unafunguka mm 30 mbele. Vidole viwili vinapita, cha tatu kinagoma.

Muuzaji wa Dar amenipangia seti: implanti mbili za mm 4 kwa urefu wa mm 10, abatimenti za kawaida za simenti zenye kimo cha mm 5.5. Nikamwambia kimo hicho hakiingii, akanijibu, "Dokta, si utazikata kwa diski?" Pakiti ikishafunguliwa hairudi, na Ijumaa anataka nusu ya malipo. Ningekuwa na nafasi ya kawaida nisingewasumbua. Mnasemaje?

Dkt_Bandarini

Kaka, kabla ya abatimenti, soma tena ulichoandika. Mfupa mm 11, implanti mm 10. Neva umeiachia milimita moja! Sote tulifundishwa kuacha mbili, na keekee yenyewe ina ncha inayopita kidogo urefu ulioandikwa. Chukua mm 8. Ukihitaji uso mkubwa wa kushika mfupa, ongeza kipenyo, nenda 4.5 au 5 maadamu upana upo. Gego linapenda implanti nene.

Sasa hesabu ya juu. Krauni ya simenti inashikwa na ukuta wa abatimenti, na ukuta ukishuka chini ya mm 4 krauni inakuwa kama kofia juu ya sahani. Ukuta mm 4, juu yake mm 1.5 hadi 2 za krauni, tayari umefika 6 na wewe una 4. Ukikata kwa diski unakata kile kile kinachoshika.

Fanya krauni ya kufungwa kwa skrubu. Kwa skrubu nafasi haihesabiwi kutoka kwenye fizi, inahesabiwa kutoka shingoni mwa implanti. Zile mm 3 za fizi nazo ni mali yako, jumla una 7. Besi ya titaniamu (abatimenti fupi ambayo krauni hugandishwa juu yake maabara) yenye shingo ya mm 1.5 na ukuta wa mm 3.5 inakula 5. Zinabaki 2 za zirkonia, ile kauri ngumu ya krauni. Inabana, lakini inaingia.

Kigego_Tanga

Aibu yangu hiyo ya neva, asante sana dokta. Nilikodolea macho abatimenti mpaka nikasahau chini.

FundiWaPlasta

Niko maabara, nimeona mengi. Hizo abatimenti zilizokatwa kwa diski huwa zinarudi kwangu baada ya miezi, na krauni ndani ya bahasha. "Fundi, imetoka." Itaachaje kutoka? Na zile ambazo hazitoki zina balaa lake: simenti imesukumwa chini ya fizi, haionekani, miaka miwili baadaye fizi inatoa usaha na mfupa unaliwa.

Naungana na Dkt_Bandarini kuhusu skrubu, ila mm 2 za zirkonia hapo ni za kwenye karatasi. Katikati kuna tundu la skrubu, na kando ya tundu ndipo zirkonia hupasuka. Nipunguzie jino la juu milimita moja tu ya enameli nitalala usingizi. Ukituma besi ya ukuta mfupi, mwambie fundi wako aipige mchanga wa alumina wa mikroni 50 kwa shinikizo la chini kabla ya kuigandisha, maana ukuta mfupi hauna cha kuringia zaidi ya gundi.

Njia nyingine, wazee wa kazi tunaijua: abatimenti ya UCLA. Inayeyushwa na kumiminwa pamoja na krauni, kipande kimoja kinachokaa moja kwa moja juu ya implanti. Haina ukuta wa kugombania. Uso wa juu unaufanya chuma kitupu, milimita moja inatosha. Ni gego la nyuma, nani atalichungulia? Na huko pwani kwenu jino linalong'aa halijawahi kuwa aibu.

Nyundo ya Mbezi

Mimi si daktari ila nina implanti mbili. Siku ya kufungwa, daktari (simtaji) alikuwa anapapasa nyuma huko, mdomo umechoka, kikamponyoka kibisibisi. Nikakimeza. Nilipigwa picha ya kifua na ya tumbo, nikaambiwa kimo tumboni, nikae nikisubiri. Nimekisubiri siku tatu, na kila siku napigiwa simu kuulizwa kama kimetoka. Hayo mengine yenu ya milimita siyajui.

FundiWaPlasta

😂😂 Mkuu umenimaliza. Lakini Kigego amsikilize huyu. Mdomo wa mm 30 ndio mdomo wa kumeza vifaa.

Dkt_Bandarini

Kweli kabisa. Vibisibisi vingi vina kitundu au kishingo, funga uzi wa kusafishia meno, urefu wa sentimita thelathini, mwisho wake ubaki nje ya mdomo. Na shashi kooni. Agiza bisibisi fupi kabisa katika orodha ya kampuni, na uulize kama ufunguo wa kupimia nguvu ya kukaza unaingia na bisibisi hiyo. Nimewahi kuwa na bisibisi fupi nzuri ambayo ufunguo wake unagonga meno ya juu. Krauni tayari, mgonjwa yupo kitini, haikaziki.

Vipimo vya umbo la mdomo chukua kwa trei iliyofungwa. Trei ya wazi ina skrubu ndefu zinazotaka kufunguliwa kutoka juu, na wewe juu huna. Skana ya mdomoni ni nzuri, ila jaribu kwanza kama kichwa chake kinapita hapo nyuma.

Usidanganyike pia na gaidi ya upasuaji (kiolezo chenye tundu la kuongoza keekee). Watu wanadhani inarahisisha kila kitu. Keekee za gaidi ni ndefu kuliko za kawaida kwa sababu lazima zipite kwenye kile kipete. Mdomo usiofunguka unakataa gaidi kabla ya kukataa kitu kingine chochote, labda iwe ile yenye upande ulio wazi.

Bint_Mkunazini

Shikamooni wakubwa. Mimi niko upande wa magonjwa ya kinywa. Nimesoma uzi mzima na hakuna aliyeuliza kwa nini mdomo wa huyu mama unafunguka mm 30. Mtu mzima wa kawaida anafika 40 na zaidi. Kigego, anakula tambuu?

Kigego_Tanga

Marahaba. Anakula. Tangu yuko mwari, kwa maneno yake. Popoo, chokaa, na siku nyingine kuberi, ile tumbaku ya kutafuna.

Bint_Mkunazini

Basi weka keekee chini kwanza. Ingiza kidole upapase mashavu kwa ndani. Kama kuna nyuzi ngumu zinazosimama wima, utando umepauka, na anasema pilipili inamuunguza, huo ni ugonjwa wa mashavu kukakamaa unaoletwa na popoo. Watu wanalaumu chokaa na tumbaku, lakini popoo peke yake inatosha. IARC, shirika la utafiti wa saratani, liliiweka popoo kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, hiyo ni 2004. Mashavu ya namna hii yanaweza kugeuka saratani. Palipo na doa jeupe au kidonda, pakatwe kipande kipimwe.

Na tuseme ni salama, bado ugonjwa huu unaendelea kukaza. Leo mm 30, mwaka kesho 25. Skrubu ikilegea siku hiyo utaikaza kwa mlango upi? Pia, samahani kwa kuingilia, 47 ya nini? Huko nyuma nafasi ni finyu zaidi kuliko kwenye 46. Kuna utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania pamoja na Waholanzi wa Nijmegen kuhusu watu wenye safu fupi za meno, na wale wenye magego madogo kamili na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walikuwa wanatafuna vizuri tu.

Dkt_Bandarini

Umenipiga chenga, binti. Nilihesabu milimita zote nikaruka hiyo. Kuhusu 47 nakubali, afute. Kuhusu 46 bado nasema implanti inawezekana, baada ya majibu.

Mzee wa Brasi

Nimechelewa. Jino la juu msikimbilie kulisaga. Mimi napandisha magego kwa skrubu ndogo za orthodontia (kunyoosha meno) na lastiki, miezi sita au zaidi, jino linarudi kwake.

Bint_Mkunazini

Kwenye mdomo huu, baba? Skrubu ndogo unazifunga vipi?

Mzee wa Brasi

Hapo umenipata.

Kigego_Tanga

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nyuzi zipo, mashavu yote mawili, na shavu la kulia lina weupe ambao nilikuwa nimeuandika "msuguano wa meno" kwenye faili. Nilimpa rufaa, kipande kimekatwa, majibu bado. Oda nimeisimamisha. Muuzaji amenuna, kisha akanitumia orodha ya besi fupi, kumbe anazo. Nimechagua shingo 1.5 na ukuta 3.5 kama mlivyosema, implanti moja tu ya 4.5 kwa 8, lakini silipi mpaka karatasi ya maabara ifike.

Kijana wa Muscat amepiga simu, anauliza mbona pesa imekwenda na meno hayaonekani. Nimemweleza yote. Amekaa kimya kidogo, akauliza kama na yeye aache.

Bint_Mkunazini, lile zoezi la vijiti vya mbao vya kubanwa kati ya meno tumelianza, mara tano kwa siku kama ulivyoniambia pembeni. Jumatatu viliingia kumi na tano, leo asubuhi kumi na saba. Tambuu ameacha kuja nayo kliniki. Nyumbani sijui.