Naenda Dubai siku kumi, nitaongeaje na mama bila kuliwa salio?

Binti wa Chumbageni: Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo naenda Dubai kufuata mzigo wa nguo za watoto. Mara ya mwisho nilitua tu, simu ikaanza kusasisha programu zake yenyewe. Kabla sijachukua begi, elfu arobaini imekwisha na sijapiga simu hata moja. Shida ni mama, yupo Tanga na ana kitochi. Asiponisikia siku mbili, presha juu. Nifanyeje?

Mzee wa Deira: Zima data roaming, yaani intaneti ya laini ya nyumbani ukiwa nje ya nchi, ukiwa bado Dar. Laini ya nyumbani usiitoe, iache tundu la pili, ujumbe wa benki utaingia humo. Ila simu usipokee. Ukiwa nje anapiga yeye na wewe unakatwa. Laini ya huko nunua palepale uwanjani, wanataka pasipoti tu.

Kijana wa Wifi: Mnamzungusha bure. WhatsApp na wifi ya hoteli, kwisha.

Mzee wa Deira: Hujafika wewe. Ujumbe na sauti za kurekodi zinapita, lakini kupiga simu kwa WhatsApp Imarati wamefunga. Watu wanatumia BOTIM, programu ya kupigia simu kwa intaneti, ina kibali. Lazima muwe nayo wote wawili.

Kijana wa Wifi: Si aweke VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani?

Mama Vitenge: Usimponze mwenzio. Sheria yao ya mtandao ya 2021, ukikamatwa umetumia VPN kufanya walichokataza, faini inaanzia dirham 500,000. Atauza nguo za watoto mpaka wajukuu wazeeke.

Mdogo wangu, hata mimi mama yangu ana kitochi. Nilimwekea mpwa wangu BOTIM kabla ya safari, tukaijaribu yeye sebuleni mimi jikoni. Kila baada ya magharibi alikuwa anampelekea bibi yake simu. Dubai wako mbele saa moja, kwa hiyo Tanga ikiwa saa moja usiku wewe ni saa mbili, umesharudi sokoni. Na ukiweka laini mpya, WhatsApp ikikuuliza kama umebadili namba, kataa. Wateja wanakujua kwa ile ya zamani.

Binti wa Chumbageni: Asante dada. Mtoto wa kaka yupo palepale kwa mama, ana simu nzuri, ila bando hana kila siku.

Mama Vitenge: Mnunulie la siku tano. La pili mwambie utarusha mama yako akishamaliza kuongea na wewe. Ukimpa la siku kumi lote, litaishia kwenye mpira.