Kupunguza sukari katika mkate wa kumimina

Swali: Assalaam alaykum. Mama yangu ana kisukari, naye hapendi kukosa mkate wa kumimina jioni za Ramadhani. Je, nikipunguza sukari kutoka kikombe 1 hadi nusu, mchanganyiko wa mchele na tui utaumuka vizuri?

Jibu la 1: Waalaykum salaam, dada. Utaumuka, kwa kuwa hamira huhitaji sukari kidogo tu. Zidisha iliki, maana harufu yake hufidia utamu, kisha uoke hadi kingo zianze kuachana na sufuria.

Jibu la 2: Wengine husaga tende badala ya sukari, lakini nazo zina sukari, na mchele wenyewe ni wanga unaopandisha sukari ya damu. Mkatie mama kipande chembamba, ale pamoja na maharage au samaki.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitatumia nusu kikombe, bila tende.