Mjadala: Fundi asiye na cheti ajenge darasa la watoto wetu?

Katibu wa kamati (Muriet, Arusha)

Habari za jioni wadau. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa shule ya msingi huku kwetu. Tumepata fedha za madarasa mawili kwa utaratibu wa fosi akaunti, maana yake kamati inanunua vifaa yenyewe na kutafuta fundi wa hapa hapa, hakuna mkandarasi. Kikao cha juzi kilivunjika. Nusu wanasema asiye na cheti cha VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi, asiguse hata chepe. Nusu wanamtaka mzee mmoja aliyejenga nyumba nyingi tu za mtaa huu, na chuo cha ufundi anakiona kwa nje. Mimi naelemea kwa mzee, nisiwafiche. Nipingeni.

Mwashi wa Pasua (Moshi)

Katibu, nina miaka 22 kwenye mwiko. Nilianza kama saidia fundi, miezi minane nabeba karai tu, timazi, ile ya kupimia ukuta umesimama wima, nilikuwa naiona kwa macho. Fundi wangu hakuwa mtu wa maneno. Siku moja lori la mchanga limefika, dereva ana haraka ya kumwaga. Mzee akamwambia subiri. Akaokota chupa tupu ya maji ya kunywa, akatia mchanga hadi nusu, akaongeza maji na chumvi kidogo, akaitikisa kama dawa ya mtoto, akaisimamisha juu ya tofali. Tukaenda kunywa chai. Kurudi, mchanga umetulia chini na juu yake kuna tope laini kama uji wa ulezi, unene unakaribia kidole. Akamwonyesha dereva ile chupa, hakugomba wala nini. Lori likageuza. Kipimo chake mpaka leo ndicho changu: mchanga ukikaa sentimita 10 na tope likafika sentimita 1, usipokee. Tope linazivisha nguo chembe za mchanga, simenti inashindwa kushikana nazo.

Kona ya msingi je? Uzi, futi tatu upande huu, futi nne upande ule, ukikatisha upate tano kamili. Ikizidi au ikipungua, kona imekwenda upande. Mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyeniambia kuna Mgiriki amepewa sifa ya hesabu hiyo. Sisi tunaiita tatu-nne-tano.

Na udongo ndio usiseme. Ukishuka tambarare unakutana na ule mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, masika unavimba. Hapo kabla ya kuchimba unamtafuta bibi wa jirani, unamuuliza maji ya mvua husimama wapi. Hayo yote nimepewa na mafundi wenzangu, bure, huku nimebeba zege.

Fundi Waya (Ngarenaro)

Mnaongea cheti kama hirizi. Kwenye umeme leseni inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na bila mkandarasi mwenye leseni kugonga muhuri kwenye fomu, TANESCO hawakuwashii. Sawa. Lakini nimeona muhuri ukigongwa na mtu ambaye hiyo nyumba haijui hata iko kata gani. Na lile ghorofa 16 lililoanguka Dar tarehe 29 Machi 2013 likaua watu 36, mtaniambia lilijengwa na saidia fundi wa Ngarenaro?

Binti wa VETA (Moshi)

Kaka Waya, daktari akikosea hatukimbilii kwa asiyesoma.

Baba wa Pasua, shikamoo. Ile chupa hata sisi tulifundishwa. Mimi shida yangu ni kwamba huko saiti kosa nalo linarithiwa, na linarithiwa kwa heshima kabisa. Nilipotoka chuo nilienda kufanya kazi chini ya fundi mmoja mkongwe. Zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, anasema moja-mbili-nne, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, sawa. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga ni ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba. Yeye anapima kwa karai, na karai la mchanga limejaa kichuguu, la kokoto limefutwa bapa. Nikimwuliza ananiambia "ndivyo tulivyofundishwa". Halafu vijana wakilalamika zege ni zito, anaita: ongeza maji! Linateleza vizuri, kila mtu anafurahi, na nguvu imeshaondoka. Kesho yake hakuna anayemwagilia, eti kuna wingu la mvua. Zege linataka unyevu siku saba angalau, na nguvu yake tunaihesabu siku ya 28. Tulivua mbao siku ya nne.

Na kwa kuwa mimi ni msichana, nikisema naambiwa nikalete maji. Nikasema sawa, naleta, ila ya kumwagilia.

Mama wa Sakina (Arusha)

Mimi nimejengewa na wote wawili. Wa cheti alipasua ukuta wa jikoni, baadaye nikagundua cheti ni cha shemeji yake. Wa mtaani alijenga vizuri, akapotea na hela ya lipu. Mniache.

Mwashi wa Pasua (Moshi)

Mama, pole, umenichekesha kwa uchungu.

Binti, kwa maji umenipata. Nimeongeza maji kwenye zege mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, hasa jioni watu wamechoka na wanataka posho. Hilo sikuambiwa na mtu kuwa ni kosa mpaka nimekaribia miaka kumi kazini.

Ila sikilizeni na upande wetu. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Ni kitu kizuri. Niliogopa kwa sababu nilidhani ni kuandika tu, na siku za kwenda huko ni siku za deiwaka zinazopotea, nyumbani wanakula nini? Katibu, kama kamati inataka cheti, ianze na hapo.

Binti wa VETA (Moshi)

Hapo tuko pamoja. Lakini darasa la watoto 45 lisisubiri mtu arasimishwe kwanza. Mpimeni sasa.

Katibu wa kamati (Muriet, Arusha)

Nimesoma yote, nimemsomea na mwenyekiti. Cheti tumekiondoa kwenye sharti, na mzee naye hapewi kazi kwa jina lake. Jumamosi saa mbili asubuhi kila anayeitaka kazi aje saiti na uzi wake na timazi. Atatoa kona moja mbele ya kamati, atachanganya mfuko mmoja kwa ndoo, si karai, na lori la mchanga litakuwepo. Binti, nauli ya kutoka Moshi tutakurudishia, tunakuomba usimamie kipimo cha maji. Chupa ninazo.